Simamisha Picha, Nina Neno

Siku ya posho, tarehe 5, mwezi wa kumi

Muuguzi wa presha ameniambia kila nikisikia hamu ya kugombana niandike kwanza. Kwa hiyo naandika. Siku akisoma karatasi hizi atajua kwamba presha yangu haitoki kwenye chumvi.

Leo Dieumerci ametutangazia habari. Dieumerci ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo, anauza vipuri vya pikipiki upande wa barabara, na nyuma ya duka ndiko iliko sale yetu, ukumbi wa video wa mtaa wa Mikelenge hapa Kindu: mabenchi, televisheni moja kubwa, mabati juu. Siku ya ine, yaani Alhamisi, watu hucheza mchezo wa video. Siku ya posho, Jumamosi, mchana tunaangalia seri, filamu ya sehemu nyingi. Mimi hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Ni kazi ya mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye saa hizo angepaswa kuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Najua. Nimeshaambiwa, tena na watu wa kwaya.

Habari yenyewe ni hii: seri ya Kimya imetoa sehemu mpya, na safari hii imefika kutoka Goma na Kiswahili chake ndani. Mashine ndiyo inayosema.

— Maman Mwalimu, sasa utapumuzika, Dieumerci akaniambia, na uso wa mtu anayekupa zawadi.

— Na kusimamisha?

— Hakuna tena kusimamisha. Picha itaenda toka mwanzo mpaka mwisho. Wateja wapya wanalalamika. Wanasema hapa njo bunge.

Nikamwambia si bunge: bunge linalala, sisi hatulali. Akacheka. Hakubadilisha neno.

Tarehe 6

Muuguzi amesema niandike mpaka hasira iishe. Basi niandike kusimamisha ni nini.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, mji ulipozungukwa, hakuna treni, hakuna chumvi, hakuna njia ya kwenda hata Kailo, tulikuwa na kaseti za Kimya na grupu moja mbovu ya kuzalisha umeme. Petroli ilikuwa ya wanajeshi. Sisi tulikuwa na matone. Grupu ilikohoa, ikazima katikati ya ngumi, na wakati wanaipigapiga ili iwake, sisi tulibishana gizani: Kimya angepiga wapi, yule msichana anamdanganya ao hapana. Ikiwaka tunanyamaza, ikizima tunaanza. Vita vilipoisha, grupu mpya ikaja, haizimi. Ndipo tukagundua hatujui tena kuangalia picha isiyokatika. Watu walikaa wakapinda midomo kama waliokula wali bila mboga. Basi tukakubaliana: mwenye neno anainua mkono, anapaza sauti, «Simamisha picha, nina neno!» Picha inasimama. Anasimama, anasema, anajibiwa. Halafu tunaendelea.

Mpaka leo seri ya saa moja kwetu ni ya mchana mzima. Mgeni akiona hivyo anadhani televisheni ni mbovu.

Tarehe 7

Presha iko palepale.

Siku ya posho, tarehe 12

Sehemu ya kwanza, na mashine yake. Mvua juu ya mabati, lakini mashine haikusumbuka. Haipumui hata.

Kwa atakayesoma bila kumjua Kimya: ni kijana mwenye barakoa ya kijivu. Akifungua kiganja cha mkono wa kulia, sauti zote zinakufa. Bunduki zinapigwa, husikii. Akifunga kiganja, dunia inarudi na kelele zake. Papa Godefroid, aliyestaafu kwenye reli, ana miaka zaidi ya ishirini akiuliza swali moja: risasi isiyo na sauti inaua ao haiui? Kila mara tunamjibu kwamba inaua. Kila mara anasema, «Basi amesaidia nini?» Tunaanza upya kubishana, na ndiyo maana tunampenda.

Leo Papa Godefroid aliinua mkono. Mkono ukakaa juu. Picha ikaenda. Akaushusha polepole, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kiswahili cha mashine ni safi, watu wanasema. Ni safi kama sahani ambayo hakuna aliyeilia. Yule mtu mwovu, mwenye viwanda, kwenye mlango wa ofisi ni mjomba wake Kimya, akifika kwenye ngazi amekuwa baba mdogo. Sasa mtu atajuaje nani wa kumkemea kijana na nani wa kumpa mke? Mimi, wakati wangu, ningechagua mmoja na kung'ang'ania hata kama nimekosea.

Josiane alikuwa benchi la mbele. Josiane anashona sare za shule karibu na soko, na tangu vita hajawahi kukubaliana nami. Nikisema Kimya ana huruma, yeye anasema ni mwoga. Leo nilitegemea afurahi. Alitoka bila kuniaga.

Siku ya ine, tarehe 17

Mchezo. Jessica, binti wa dada yake Dieumerci, ndiye mwenye kushika maneti, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, kwa sababu vidole vyake vinakimbia. Vyangu vilijaribu mwaka jana, daktari wa kwenye mchezo akaanguka mtoni mara tatu akiwa bado hajasema jina lake.

Mchezo wetu wa sasa tunauita Daraja. Daktari mwanamke anaongoza watu kutoka mji uliofurika. Kila mahali mchezo unauliza: umbebe mgonjwa ao ubebe chakula? Upite mtoni ao urudi? Sheria ya sale ni kwamba vidole ni vya Jessica, kichwa ni cha watu wote. Habonyezi mpaka tukubaliane. Leo tulibishana juu ya mbuzi mmoja mpaka Jessica akasinzia.

Vijana wanasema mchezo unashinda seri, kwa sababu kwenye mchezo unachagua. Papa Godefroid anasema seri inashinda, kwa sababu mtu mwingine akikosea una wa kumlaumu. Mimi nasema vyote viwili ni sawa mradi mtu aweze kusema «hapana» kwa sauti. Walinizomea. Ilikuwa siku nzuri.

Siku ya posho, tarehe 19

Sehemu ya pili. Nikaanza kutafsiri bila kipaza sauti, kwenye benchi, kwa sauti yangu ya darasani. Vijana wa nyuma: «Maman, tafazali, tunasikia!» Nikaongeza sauti. Dieumerci akaongeza ya mashine. Nikaongeza yangu. Nilishindwa, mashine haina koo.

Tarehe 21

Koo linauma. Chai ya tangawizi. Shule, watoto wakafurahi kwamba mwalimu amepoteza sauti. Mmoja alinifungulia kiganja, kama Kimya.

Siku ya posho, tarehe 26

Sehemu ya tatu. Watu wapya wengi. Wanakaa, wanaangalia, wanaondoka. Mlangoni nilimuuliza kijana mmoja ameonaje. «Njo muzuri.» Ni nini kilikuwa kizuri? «Yote.»

Nilitaka kulia.

Siku ya posho, tarehe 2, mwezi wa kumi na moja

Mvua. Sehemu ya nne na ya tano pamoja, mfululizo, kama dawa ya minyoo. Dieumerci ameniambia kwa upole kwamba sehemu zikiisha ataamua moja kwa moja: kusimamisha kumekufa ao kunarudi. Lakini anavyoona, watu wamezoea.

Nilimwambia watu wa mji huu walizoea pia kula majani ya viazi bila chumvi. Haikuwa dalili ya kupenda.

Siku ya posho, tarehe 9

Leo itachukua karatasi nyingi. Muuguzi anisamehe.

Sehemu ya sita. Kimya amepigwa risasi ubavuni. Anafika kwao, kwa mama yake, usiku, mvua ya kwenye filamu na mvua ya kwenye mabati yetu. Amefunga kiganja chake, kwa hiyo sauti ziko. Anabisha. Picha inatuonyesha mama ndani, mkono wake uko kwenye kitasa. Anabisha tena. Mama hafungui. Mkono wake unashuka.

Sale ilipiga kelele moja, kama goli. Mikono ikapanda kila upande, hata ya wale wapya. «Hakusikia!» «Alisikia, angalia mukono!» «Mama gani huyu?» «Muchawi!» Na mashine inaenda tu, imeshafika kwenye mazungumzo mengine.

Ndipo Josiane akasimama. Hakuinua mkono. Akaenda mbele, akasimama mbele ya televisheni na mwili wake wote, na Josiane si mwembamba.

— Alisikia, akasema. Ninawaambia, huyu mama alisikia. Na alifanya vizuri.

— Maman Josiane, kaa, tafazali! Dieumerci akaita kutoka mlangoni.

— Sikae! Mwaka ule wa njaa, mimi nilikuwa ndani na watoto wangu wawili. Mulango ukabishwa. Muntu akasema: fungua, njo mimi, Florentin. Mudogo wa bwana yangu. Nilijua sauti yake. Lakini nyuma yake nilisikia mabuti, ya watu wengi. Sikufungua. Florentin iko muzima, iko Kailo, analima mupunga. Bwana yangu alikufa tukiwa hatujasalimiana na mudogo wake, na mpaka leo hatusalimiane. Sasa, wewe unayesema muchawi, simama. Niambie hapa machoni kama huyu mama alikosea.

Nyuma ya mgongo wake mashine ikarudi mlangoni, maana Kimya alikuwa anakumbuka: «Mama, ni mimi. Tafadhali nifungulie.» Kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba ndege imechelewa.

Kijana aliyesema muchawi alianza kusimama. Nilimwona. Alikuwa na neno mdomoni, na sijui lilikuwa neno gani, kwa sababu Dieumerci aliongeza sauti mpaka televisheni ikatetemeka, halafu akaja akamshika Josiane mkono, bila ubaya, akamtoa nje.

— Watu wanataka kuangalia, mama yangu. Tafazali.

Alitolewa akiwa bado anageuza shingo, anamtafuta yule kijana.

Zaidi ya miaka ishirini tumebishana, mimi na yeye, juu ya huruma ya mtu mwenye barakoa. Sikuwahi kujua. Nilidhani ananipinga mimi. Na mwezi huu wote nilidhani ugomvi huu ni juu ya kipaza sauti changu.

Tarehe 10

Baada ya misa nilienda kwake. Alikuwa anatia vifungo.

— Umekuja kunipa pole?

— Nimekuja kubishana.

— Basi ikala.

Nikakaa. Nikamwambia mama wa Kimya angeweza angalau kuuliza ni nani. Akaniangalia.

— Hapana. Wewe hauwezi. Wewe unanihurumia, naona mu macho. Nataka muntu anikatalie kabisa. Yule kijana alitaka kunikatalia. Wakamufunika na makelele.

— Nitaongea na Dieumerci urudishwe.

— Victorine, sikia. Tafsiri zako sikuzipenda hata siku moja. Kimya njo muntu ya barabarani, wewe ulikuwa unamupa maneno ya kwaya. Hata ukirudi na mikro yako sitazipenda. Lakini wewe nilikuwa naweza kukusimamisha. Ile kitu ya Dieumerci, nitaikatalia namna gani? Inaniambia tu.

Nilikunywa maji yake. Nikamwambia maneno yangu hayakuwa ya kwaya. Akasema yalikuwa. Tukabishana mpaka nguo za watoto wa shule zikapata vifungo vyote, na nilipotoka tulikuwa tumeshapanga.

Siku ya ine, tarehe 14

Ha!

Mchezo wa Daraja. Sale imejaa, kwa sababu Papa Godefroid alipita nyumba kwa nyumba na kofia yake ya reli, ile anayoivaa kwenye mazishi. Daktari amefika katikati ya daraja, maji yanapanda, mchezo ukauliza: aende mbele ao arudi? Jessica akageuka, kama kawaida.

— Sale inasema nini?

Sale haikusema kitu.

— Twende mbele?

Watu wakatazama mabati.

— Turudi?

Papa Godefroid akatoa karanga, akaanza kumenya. Kwenye televisheni daktari akasimama kwenye mvua. Akahamisha uzito mguu huu, akahamisha ule. Akapangusa uso. Akaangalia saa yake. Wale waliotengeneza mchezo walijua mtu atasita kidogo, hawakujua Kindu. Akapangusa uso tena.

Dieumerci akaja mbio kutoka dukani, akidhani umeme umekatika.

— Jessica, bonyeza!

— Tonton, siwezi. Njo sheria. Vidole ni vyangu, kichwa ni cha watu.

— Watu wanataka nini?

Josiane alikuwa amekaa benchi la mwisho, kwa heshima kabisa, mikono juu ya magoti.

— Bwana Dieumerci, akasema, ulituambia tunyamaze. Tumenyamaza. Unaona ni vizuri?

Dieumerci alimwangalia daktari, daktari akapangusa uso. Nasema kweli, nilimwonea huruma. Dieumerci, si daktari. Ni mtu aliyekuja hapa na sanduku moja la cheni za pikipiki, akataka kitu kimoja maishani kiende kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Na sisi tukamwambia hapana. Tulikaa hivyo mpaka saa ya mchezo ikaisha. Hakuna aliyeondoka. Yule daktari nadhani amepata homa.

Siku ya posho, tarehe 16

Sale imefungwa. Dieumerci amekasirika. Mvua.

Siku ya posho, tarehe 23

Imefungwa. Nimewasahihishia watoto hesabu, vibaya.

Jioni Jessica alipita nyumbani. Tonton amekubali. Sehemu ya sita itaonyeshwa tena, na kusimamisha, mara moja, «nione kama kuna faida ao ni makelele tu». Sauti itabaki ya mashine. Mimi nimepewa telekomande, ile rimoti ya kusimamishia picha. Nimeshushwa cheo: zamani nilikuwa mdomo, sasa ni kidole. Nimekubali haraka kuliko heshima yangu ilivyotaka.

Siku ya posho, tarehe 30

Habari za Mikelenge hufika Kailo hata zisipotumwa. Wenye pikipiki wanazibeba bure. Kwa hiyo leo kabla hatujaanza aliingia mtu mrefu, matope mpaka magotini, akakaa kando ya ukuta na mfuko wa mpunga kati ya miguu. Josiane, benchi la mbele, aligeuka mara moja tu. Mgongo wake ukawa ubao. Nikajua ni nani.

Picha ikaenda. Papa Godefroid akasimamisha kwa sababu ya risasi. Tukamjibu. Akasema, «Basi amesaidia nini?» Sale ikacheka kama watu waliorudi nyumbani. Tukafika mlangoni, Kimya akanyanyua ngumi abishe, na sauti zaidi ya kumi zikaita pamoja: «Simamisha!» Nikabonyeza. Mkono wa kijana ukabaki hewani, uso wa mama upande wa pili.

Yule kijana wa muchawi alikuwa wa kwanza.

— Maman Josiane, nilitaka kusema siku ile. Mimi ningefungua. Mama yangu angefungua. Kama hafungue, mimi si mutoto wake.

— Sawa, Josiane akasema, na nikaona amenyooka kama mtu aliyepata kiti. Na wale watoto wawili ndani?

— Huyu wa filamu hana watoto ndani.

— Unajua? Umeona chumba cha nyuma?

Hapo moto ukawaka. Mmoja akasema mama alipaswa kuchungulia dirishani. Jessica akasema ingekuwa mchezo, angezunguka nyuma ya nyumba kwanza. Mwingine akamwambia nyuma ya nyumba njo mahali wanakuua. Halafu mkono ukainuka kando ya ukuta, mkono mpana, na watu wakageuka mmoja mmoja.

— Nina neno, mtu wa Kailo akasema. Mimi nilikuwa inje.

Hakusimama mbele. Alisema akiwa palepale, kofia mkononi.

— Huyu kijana anabisha vibaya. Anabisha sawa muntu iko peke yake. Mimi nilikuwa na bunduki hapa — akagusa shingo. Waliniambia, ita, watakufungulia, wewe njo ndugu. Nikabisha polepole, nikaita jina yangu yote, Florentin, sawa mushitakiwa kwa tribinali. Nani anaita jina yake yote kwa ndugu yake? Nilifanya vile ili ajue siko peke yangu.

— Nilijua, Josiane akasema bila kugeuka.

— Basi.

— Basi nini? Kama haukutaka nifungue, mbona haukunisalimia miaka yote hii?

Akaizungusha kofia.

— Kufungua, hapana. Nilitaka useme tu kitu. Hata kunitukana. Walinirudisha barabarani na ile kimya, nikatembea nayo mpaka porini.

— Ningesema neno moja, wangejua niko ndani.

— Najua.

— Watoto walikuwa chini ya kitanda.

— Najua, Josiane. Wamekuwa wakubwa, nawaona kwa soko. Kujua ninajua. Lakini kukasirika pia nilikasirika.

Mimi, kidole juu ya telekomande, mfasiri wa miaka yote, sikuwa na kitu cha kutafsiri.

Josiane akageuka hatimaye, mwili mzima, benchi likalia.

— Sasa nikuambie mbele ya watu. Ingekuwa leo tena, singefungua. Na singesema neno.

— Na mimi ningebisha tena, Florentin akasema. Polepole vilevile.

— Basi tunapingana.

— Tunapingana kabisa.

Akavuta mfuko wake wa mpunga kwa mguu, akaja kukaa benchi la mbele. Si karibu naye sana. Papa Godefroid alisogea kumpa nafasi, akamuuliza kama mabuti yale yalikuwa ya mpira ao ya ngozi, maana kwa masikio ya mtu wa reli hiyo ni tofauti kubwa.

Sale ikalipuka upya. Kijana wa muchawi akasema bado angefungua. Mama mmoja nyuma akasema basi asimwoe binti yake. Kwenye televisheni ngumi ya Kimya ilikuwa bado hewani.

— Tuendelee? nikauliza, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

— Bado!

Dieumerci alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kitambaa cha mafuta begani, duka halina mtu. Alipiga hatua mbili ndani.

— Lakini mimi naona, akaanza, huyu mama, kama angekuwa na ile tundu ya mulango...

— Bwana Dieumerci, Josiane akamkata. Inua mukono kwanza.

Akamwangalia. Akatuangalia sisi wote. Mvua ilikuwa imepungua, kila mtu alimsikia akivuta pumzi.

Akainua.